Tume ya Kutu

Nchi hii ina jina zuri, ila kwa sasa jina lenyewe limepelekwa kwenye tume kupimwa kama bado linafaa, na sheria inakataza kulitamka kabla majibu hayajatoka. Kwa hiyo tutaiita nchi tu. Nchi ina mlima, mlimani kuna tarafa iitwayo Kilemba, na Kilemba kulikuwa na gari moja la wagonjwa. Dereva wake aliitwa Zebedayo. Alikuwa mtu wa imani kubwa kwa Mungu, na imani iliyokaribia hiyo kwa serikali. Aliomba kabla ya kuwasha gari, aliomba kabla ya kila kona, na kwenye mteremko mkali wa Kilemba aliomba macho yakiwa wazi.

Desturi ya nchi ile ni kwamba Waziri mpya wa Afya haanzi kazi mpaka azindue kitu. Kilemba hapakuwa na kitu kingine cha kuzinduliwa, basi kila Waziri mpya alizindua gari lile lile. Lilipakwa rangi anayoipenda yeye juu ya rangi aliyoipenda mwenzake aliyetangulia, likafungwa utepe, utepe ukakatwa, na wananchi wakapiga makofi kushukuru kwa gari jipya. Hakuna aliyethubutu kukwangua rangi ya zamani. Kukwangua rangi ya Waziri aliyeondoka kungeonekana ni kumkwangua yeye mwenyewe, na mawaziri wa nchi ile wakitoka kwa mlango hurudi kwa dirisha.

Rangi zikapandana mpaka gari likanenepa. Milango ikawa haifungiki kwa unene. Na chini ya unene huo kutu ilikuwa inakula taratibu, bila kelele, kama mgeni aliyepewa chumba cha uani na kusahauliwa.

Mwaka huo Perusi, mke wa Zebedayo na mama wa binti yao Neema, alikuwa mjamzito tena. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha karibu. Sista Dativa, muuguzi wa zahanati, alimpapasa tumbo, akampapasa tena.

"Mama Neema, mtoto amekingama," alisema. "Kwangu hapa hazaliwi. Siku ukisikia uchungu, usikae kungoja. Teremka hospitali ya wilaya, daktari akupasue. Ukichelewa, nitawapoteza wote wawili."

"Sista, mimi nahangaika na nini?" Perusi alijibu. "Wenzangu wanatafuta gari. Mimi nimeolewa nalo."

Zebedayo alifurahi kusikia hivyo, akaenda kulifuta gari vumbi kwa heshima mpya.

*

Haukupita muda, Waziri akabadilishwa. Mpya aliitwa Mheshimiwa Balthazari Pendasifa, na rangi yake ilikuwa zambarau. Gari likapakwa zambarau, likawekwa mbele ya zahanati, kwaya ikaimba, na Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Wananchi wa Kilemba!" alinguruma. "Wapo wasemao serikali yenu ni ya juu juu. Naomba waje hapa! Walitazame gari hili! Limeshiba! Limekomaa! Ni imara kama mikono iliyolileta!"

Akashuka, akalipiga gari kofi la mapenzi ubavuni. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko.

Kisha kwaya, kwa kudhani hiyo ni sehemu ya uzinduzi, ikapiga vigelegele.

"Anatafuta nini humo ndani?" Perusi aliuliza kwa sauti.

"Nyamaza, mama," msaidizi mmoja alimkaripia. "Mheshimiwa anakagua."

"Anakagua kwa kiwiko?"

Mheshimiwa Pendasifa alikuwa mwanasiasa mzoefu. Alimalizia hotuba yake yote akiwa amesimama pale pale, mkono ndani ya gari, akipungia watu kwa mkono uliobaki. Baadaye wasaidizi walimtoa kwa mafuta ya kupikia yaliyoazimwa jikoni mwa zahanati. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Waziri wa Afya amefanya ukaguzi wa kina.

Jioni likaja agizo: gari la Kilemba lisiguse barabara mpaka Tume ya kitaifa iamue jambo moja tu, nalo ni kama bodi ya gari hilo ikarabatiwe au ibadilishwe. Injini ilikuwa nzima. Magurudumu yalikuwa mazima. Chasisi, ule uti wa mgongo wa vyuma vinene uliobeba kila kitu, ilikuwa haijaguswa na kutu hata kidogo. Lakini agizo halikuuliza habari za vitu vizima.

Zebedayo alifika nyumbani uso ukimeremeta.

"Mama Neema, umesikia? Tume nzima! Kwa ajili ya gari letu!"

Perusi alishika tumbo lake. "Na huyu naye wamemuundia yake?"

*

Tume ilipanda mlima na mahema, viti vya kukunja na majiko ya chai. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kwirinus Tafakari, bingwa wa historia ya gurudumu, mtu ambaye hakuwahi kuendesha hata baiskeli kwa kuogopa kupoteza mtazamo wa jumla. Walikaa kwenye uwanja wa zahanati, gari likiwa katikati yao kama mtuhumiwa.

Kikao cha kwanza kiliuliza kama kutu ipo.

"Ndugu wajumbe," alisema Profesa, "neno kutu ni zito. Tukilitamka ovyo, wawekezaji watasikia. Napendekeza tuseme chuma kilichochoka."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," mjumbe mmoja alisimama, "kuchoka ni kulalamika. Chuma cha serikali hakilalamiki. Tuseme chuma kilichostaafu."

"Kwa heshima," akaongeza mwingine.

Ikapita kwamba gari lina chuma kilichostaafu kwa heshima. Na kwa kuwa katika nchi ile mstaafu haachwi aondoke mikono mitupu, Tume iliandaa hafla. Ubavu wa gari ukavishwa shada la maua na kupewa zawadi ya saa ya ukutani. Saa ilipotundikwa ilitumbukia ndani moja kwa moja, na tangu siku hiyo gari likawa linasikika likigonga tik, tik, tik kila watu waliponyamaza.

Kikao kilichofuata Tume ilipasuka makundi mawili. Kundi la Wakarabati lilisema kubadilisha bodi ni kukiri kwamba gari lililozinduliwa juzi lilikuwa bovu. Kundi la Wabadilishaji lilisema kukarabati ni kukiri jambo hilo hilo, tena kwa kelele za nyundo. Walitukanana kwa lugha safi kabisa, wakaitana "ndugu yangu mpendwa" kwa sauti za kuchoma, na kila makundi yalipokaribia kushikana mashati, chai iliingia.

Zebedayo hakukosa kikao. Alikaa nyuma, kofia mapajani, akisikiliza kama mtu aliyeko ibadani. Siku ya wananchi kutoa maoni alisimama.

"Waheshimiwa, mimi ni dereva wa gari hili. Mke wangu ni mjamzito na mtoto amekingama. Sista amesema lazima ateremke. Mimi naomba tu mbao. Nipigilie mbao juu ya chasisi, niweke turubai, nimpeleke mtu wangu. Mkimaliza kuamua mtanikuta na nyundo yangu, nitazing'oa."

Profesa alivua miwani, akamtazama kwa upole wa baba mkwe.

"Ndugu dereva, unaona kosa lako? Umeleta suluhisho. Sisi hatujafika huko. Tuko kwenye uelewa wa pamoja."

Zebedayo akaomba radhi kwa haraka yake, akakaa. Nyumbani alipiga magoti kando ya kitanda.

"Ee Bwana, wape hekima wajumbe wa Tume. Mpe afya Profesa Tafakari. Wasikilizane, wapendane..."

"Waombee na haraka," Perusi alisema kutoka kitandani.

"Haraka siwezi kuiomba, Mama Neema. Haimo kwenye hadidu za rejea."

"Basi mwambie huyo Mungu wako amshike mwanao humu ndani mpaka waandike nyingine."

Zebedayo alicheka. Perusi hakucheka. Aliuchukua mkono wa mumewe akauweka ubavuni, pale kilipokuwa kichwa cha mtoto, mahali ambapo kichwa cha mtoto hakitakiwi kuwa. Zebedayo aliuacha mkono wake hapo, na sala ile hakuimaliza.

*

Mwishowe Tume ilikubaliana jambo: haiwezi kuamua habari za chuma bila kukiona chuma. Rangi ziondolewe. Lakini rangi ya Waziri haikwanguliwi na mtu wa kawaida, basi kila Waziri aliyewahi kulizindua gari lile akaalikwa aje aikwangue yake kwa mkono wake mwenyewe.

Ndipo Kilemba ikaona misafara. Mheshimiwa Pendasifa alikuja kuondoa zambarau, akapigiwa ngoma. Akaja wa njano, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Mifugo. Akaja wa kijani, ambaye alikuwa jela lakini alipewa ruhusa na koti la kuvaa. Magari ya misafara hiyo, meusi na yanayong'aa, yalitosha kubeba wagonjwa wa mlima mzima. Sista Dativa alimwendea dereva mmoja wa msafara.

"Mwanangu, mkishuka mchukueni huyu mama. Nafasi ipo, naiona."

"Mama, nafasi hiyo ina protokali."

"Iko wapi? Mbona haionekani?"

"Ndiyo maana ni protokali."

Perusi sasa alikuwa anatembea ameshika kiuno kwa mikono miwili. Tumbo lilikuwa limeshuka. Kila asubuhi Sista alimpitia, na kila asubuhi alitoka akiwa na maneno machache kuliko ya jana.

Wa mwisho alikuwa Waziri wa kwanza kabisa, mzee aliyelizindua gari lilipokuwa gari kweli, jeupe. Alishikwa mabega, akapewa kikwanguo, akakwangua weupe wake huku akilia machozi ya historia. Kipande cha mwisho cha rangi kilipodondoka, gari lilisimama kidogo, kana kwamba linafikiri. Kisha likaporomoka. Halikuanguka kama chuma, lilimwagika kama unga wa mtama. Chini ya rangi zile chuma kilikuwa kimekwisha siku nyingi. Lililokuwa limesimama muda wote ule ni rangi tu, zikiegemeana.

Vumbi lilipotulia ilibaki chasisi, injini, magurudumu, kiti cha dereva, usukani, na ile saa ya ukutani, ikiwa bado inakwenda.

Wabadilishaji walirukaruka kwa furaha. Ushindi ni wao! Wakatuma watu mbio kwa mtunza stoo wa wilaya wakadai bodi mpya. Mtunza stoo hakuinuka kitini.

"Utaratibu mnaujua. Kipya hakitoki mpaka cha zamani kirudi."

Wakarudi mlimani, wakafagia vumbi lile jekundu, wakalitia kwenye gunia, wakampelekea. Mtunza stoo akachungulia.

"Hii ndiyo bodi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Haya, fungueni milango niikague."

Wakarabati nao walipoambiwa wajaribu bahati yao, waliomba gundi.

Waandishi wa habari walikuwa wamekwishafika, na swali lao lilikuwa moja: je, Tume imevunja gari la wananchi? Profesa Tafakari alikohoa, akasogelea kipaza sauti. Redio ya taifa ilikuwa hewani moja kwa moja, na nchi nzima ilikuwa inamsikiliza.

"Ndugu wananchi. Hakuna gari lililovunjika Kilemba. Kwa tafsiri ya kitaalamu, gari ni bodi. Mnachokiona hapa hakina bodi. Kwa hiyo hapa hakuna gari. Na pasipo na gari, ni nani mwenye akili timamu atasema kwamba limevunjika?"

Wajumbe wote, Wakarabati na Wabadilishaji, walisimama na kupiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kukubaliana jambo bila chai kuingia kwanza.

*

Makofi yalikuwa hayajaisha wakati Perusi alipoingia uwanjani, ameshikwa huku na huku na akina mama wa kikundi cha maombi. Sista Dativa alikuwa mbele yao, kilemba kimemvuka.

"Zebedayo! Uchungu umeanza. Ateremke sasa hivi."

Zebedayo alitazama chasisi. Akatazama mahema.

"Sista, agizo linasema gari lisiguse barabara."

Perusi alishika nguzo ya hema. Uchungu ulimpitia, akangoja upite, kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Baba Neema. Umemsikia Profesa?"

"Nimemsikia."

"Amesema hapa pana gari?"

"Amesema hapana."

"Sasa wewe umekatazwa kuendesha nini?"

Mtu mwingine angeona ujanja. Zebedayo hakuona ujanja wowote. Alikuwa amemwamini Profesa kwa kila neno, na hili nalo alikuwa amekwisha kuliamini. Lakini alikuwa raia mwema, na raia mwema huhakikisha. Alikwenda moja kwa moja mbele ya vipaza sauti, kofia mkononi.

"Mheshimiwa, samahani. Kile pale ni gari?"

"Ndugu, nimeshasema mbele ya taifa. Si gari."

"Una hakika, Mheshimiwa?"

"Unaupima uprofesa wangu?"

"Hata kidogo, Mheshimiwa. Ahsante sana. Mungu akubariki, na watoto wako."

Akarudi kwenye chasisi, ambako Sista alikuwa amekwisha kuleta kitanda cha zahanati. Akina mama walikiinua juu ya chasisi, wakakifunga kwa kamba za mbuzi na za nguo, wakamlaza Perusi, kisha wakapanda wenyewe wakakizunguka, kila mmoja ameshika ncha ya kitenge kuzuia upepo na vumbi. Zebedayo aliomba, akawasha. Injini iliitika mara moja. Profesa alifumbua kinywa, akaona kipaza sauti kikiwa bado karibu na kidevu chake, akakifumba.

Waliteremka. Vitenge vilipepea. Kwenye kila kona akina mama waliegemea upande mmoja wakipaza sauti, "Yesu!" na Perusi akipaza sauti maneno mengine yasiyo ya kikundi cha maombi. Zebedayo aliomba macho yakiwa wazi, safari hii wazi sana.

Chini ya mlima palikuwa na kizuizi. Afande wa usalama barabarani alijitokeza, akapiga filimbi, kisha filimbi ikamdondoka.

"Dereva! Hiki ni nini?"

"Sijui, afande. Tume haijakipa jina."

"Gari halina bodi, halina taa, halina namba!"

"Afande, si gari. Profesa amesema sasa hivi redioni. Mimi mwenyewe nimemuuliza mara mbili."

Afande alikuwa na redio kibandani, na alikuwa amesikia. Alikuna shingo.

"Kama si gari..." alisema, "basi mimi siwezi kulisimamisha. Mimi nimepangiwa magari."

"Utaendelea kufikiri au nizalie hapa hapa miguuni kwako?" Perusi alipiga kelele kutoka nyuma ya vitenge.

Kizuizi kikainuka. Afande akapiga saluti, na kwa kuwa hakujua ampigie nani, akaipiga kuelekea kitandani.

*

Hospitali ya wilaya walimpokea kwa machela na kumwingiza ndani mbio. Mlango ukafungwa. Zebedayo alibaki kwenye benchi na akina mama, vumbi jekundu limempaka mpaka kope.

Alipiga magoti hapo koridoni. Kawaida sala yake ilikuwa na mpangilio: kwanza Rais, kisha Waziri, kisha Mkuu wa Wilaya na Tume na wajumbe wake, ndipo jamaa zake. Safari hii alifungua kinywa na hakumpata Waziri hata mmoja. Lilitoka jina moja, Perusi. Akalisema, akalirudia, akaendelea kulirudia, mpaka akina mama wakalipokea nao wakawa wanalisema pamoja naye, kwa sauti za chini.

Ndipo mlango ulipofunguka, na kabla daktari hajasema neno, kilio cha mtoto kikamtangulia. Kilikuwa kilio kipana, cha mtu aliyekingamishwa kwa muda mrefu na sasa amenyooka.

"Wa kiume," alisema daktari. "Mama naye yuko salama. Mmewahi. Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine."

Zebedayo alikaa sakafuni, akalia bila aibu.

Kesho yake aliruhusiwa kuingia wodini. Perusi alikuwa ameegemea mto, mtoto kifuani, uso umechoka na kung'aa. Kwenye dirisha redio ya wodi ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaiongeza sauti.

"Tume ya Kitaifa inapenda kuwafahamisha wananchi kwamba uvumi kuhusu mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Kilemba ni uzushi. Kilemba hakuna gari. Pasipo na gari hapana safari. Bi Perusi, mke wa dereva Zebedayo, yuko nyumbani kwake, ni mjamzito, na anaisubiri Tume kwa utulivu. Tume inamtaka aendelee hivyo hivyo mpaka ripoti itakapotoka."

Zebedayo alisimama akiishangaa redio. Maisha yake yote hakuwahi kuikatalia. Akageuka taratibu kumtazama mkewe.

"Nini?" alisema Perusi. "Baba Neema, usiniambie unaniangalia tumbo."

Hapo hapo mtoto akafumbua macho, akavuta pumzi, akapiga yowe lililojaa wodi nzima, na msomaji wa habari akapotea humo asisikike tena.

"Mbembeleze, Mama Neema," Zebedayo alinong'ona kwa soni, akitazama huku na huku. "Watu wanasikiliza taarifa."

"Mwache," alisema Perusi, akimwinua mtoto juu kidogo, uso wake ukielekea dirishani. "Anachangia hoja."